Wanataka Kubomoa Nyumba ya 1934: Tufanye Nini?

Barua nne mwezi huu, zote za nyumba za zamani na maghorofa yanayotaka kusimama mahali pake. Ya kwanza nimeipa nafasi kubwa kwa sababu muda wa aliyeiandika unakwisha.

Shikamoo Mzee wa Ramani. Naandika kutoka Kisutu, mitaa ya nyuma ya Jamhuri. Nyumba yetu ina maduka chini na vyumba juu, na kwenye paji lake imeandikwa 1934. Tupo familia sita za wapangaji. Mimi nimezaliwa humu. Mwezi uliopita mwenyekiti wa mtaa alituita kikao, akaja kijana wa mwendelezaji na picha ya rangi: jengo la ghorofa 18, fleti 96, maduka, na maegesho chini ya ardhi. Akasema mwenye nyumba ameshaingia nao ubia na makaratasi yapo halmashauri. Tulipouliza maji taka yatakwenda wapi, alicheka. Tulipouliza sisi tutakwenda wapi, akasema tutaongea. Wengine wanataka tuandamane, wengine tuite waandishi wa habari. Nyumba ya 1934 si urithi? Sheria haiilindi? – Binti wa Kisutu

Marahaba, mwanangu. Nilipita kuiona nyumba yenu jioni moja, nikaagiza chai pale kona ili nipate kusimama kwa nafasi. Ile 1934 imefinyangwa kwa chokaa na kuzungushiwa maua, na imepakwa rangi juu ya rangi mpaka ile namba ya tatu imevimba. Ngazi ya mbao inayopanda juu imeliwa katikati na nyayo. Ukuta wa mbele, uliokuwa umepigwa na jua mchana kutwa, ulikuwa bado na ubaridi chini ya kiganja. Lakini nilichokitazama zaidi ni kichochoro kati yenu na jirani. Kinapitisha mtu mmoja na ndoo yake, na katikati ipo chemba ya maji taka ambayo mfuniko wake umeinuka na kuzuiwa kwa jiwe. Chemba hiyo mnaijua ninyi kuliko mhandisi yeyote, na nitairudia.

Swali lako la mwisho nalijibu kwanza, maana ndilo linalouma. Sheria yetu ya Mambo ya Kale ni ya mwaka 1964. Jengo linalopata ulinzi kwa umri wake peke yake ni lile lililojengwa kabla ya mwaka 1863. Sasa fikiria mji wenyewe: Sultani Majid bin Said alianza kuujenga Dar es Salaam katika miaka hiyo hiyo ya 1860. Boma la Kale pale Barabara ya Sokoine, la mawe ya matumbawe na boriti, ni la 1866 na 1867. Kwa kigezo cha mwaka, hata hilo limechelewa! Kwa hiyo karibu jiji zima liko nje ya mstari, na nyumba yenu iko nje kwa zaidi ya miaka 70. Ili ilindwe, lazima Waziri aitangaze katika Gazeti la Serikali. Mnaweza kuomba hilo kwa maandishi kupitia Idara ya Mambo ya Kale, Wizara ya Maliasili na Utalii, na nawashauri muombe. Msilitegemee peke yake, kwa sababu tangazo huchukua muda na katapila halisubiri.

Kitu kimoja kidogo ndani ya sheria hiyo watu hukisahau: mlango au fremu ya mlango ya mbao iliyochongwa nakshi kabla ya mwaka 1940 imetajwa kama kitu kinacholindwa. Mlango wenu wa uani, ule wenye maua ya duara kwenye kizingiti, upigeni picha wiki hii. Pigeni na ngazi, na sakafu, na paji la nyumba. Mara nyingi nimeona nyumba inabaki imesimama lakini milango imeshaondoka usiku.

Njia nyingine iliyo wazi kwenu ipo kwenye mipango miji. Mtu hajengi ghorofa 18 kwa kuwa tu ana kiwanja. Chini ya Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 anahitaji idhini ya uendelezaji kutoka kwa mamlaka ya upangaji, ambayo kwenu ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Baada ya hapo kuna kibali cha ujenzi, na kwa jengo kubwa namna hiyo kuna Tathmini ya Athari kwa Mazingira inayosimamiwa na NEMC, yaani Baraza la Taifa la mazingira, na tathmini hiyo ni lazima isikilize watu wanaoguswa. Kikao alichowaita mwenyekiti kinaweza kuwa kimeshaandikwa mahali kama ndicho hicho kikao cha kuwasikiliza. Majina yenu na sahihi za mahudhurio huenda vimeambatanishwa. Basi kesho mwende kwa mwenyekiti, mwombe nakala ya muhtasari wa kikao, msome kimeandikwa nini juu ya lile swali la maji taka. Kama halimo, andikeni barua ya kusahihisha muhtasari, mwenyekiti apokee kwa muhuri, na nakala iende kwa diwani na kwa NEMC.

Kuandamana siwakatazi. Lakini nilikaa miaka mingi upande wa pili wa meza, nikipokea ramani na barua za watu, na nataka ujue barua ikifika inasomwaje. Barua inayosema "tunapinga kwa sababu huu ni urithi wetu" ilisomwa kwa heshima, ikagongwa muhuri, ikawekwa kwenye jalada. Nakumbuka barua nyingine ya ukurasa mmoja, ya wakazi wa mtaa mmoja wa katikati ya jiji. Walikuwa wamemlipa fundi bomba apime upana wa bomba lao la maji taka na kina cha chemba zao, wakaandika vipimo hivyo, na tarehe za kila mara chemba zilipofurika. Barua hiyo ilirudi mezani kila ramani ilipofunguliwa. Mhandisi hakuweza kusaini bila kuijibu. Mwishowe jengo lilipunguzwa ghorofa, na mwendelezaji akalaza bomba jipya hadi barabara kuu kwa gharama yake.

Kwa hiyo hesabu yenu ianzie kwenye ile chemba. Fleti 96, tukiweka watu wanne kila moja, ni watu 384. Tukiwapa lita 100 kila mtu kwa siku, na hiyo si anasa, ni lita 38,400. Kwa kawaida wahandisi huhesabu kwamba asilimia 80 ya maji yanayoingia nyumbani hutoka kama maji taka. Ni lita zaidi ya 30,000 kila siku, kutoka kwenye kiwanja ambacho leo kina familia sita. Gari la kunyonya la lita 10,000 lingelazimika kuja zaidi ya mara tatu kila siku, kwenye mtaa ambao gari la kushusha mchele likisimama basi hapapiti kitu. Muulizeni mwendelezaji kwa maandishi: bomba gani litapokea, lina upana gani, na DAWASA, mamlaka ya maji safi na maji taka ya jiji, wamesema nini kwa barua. Hapo hatacheka tena.

Halafu kivuli na upepo. Jengo la ghorofa 18 linafika kama mita 54. Jua letu mwezi Juni linapita kaskazini, na saa sita mchana jengo hilo litatupa kivuli upande wa kusini mita 30 na ushee. Asubuhi na jioni kitakuwa kirefu mara nyingi zaidi. Nani yuko kusini mwa kiwanja? Niliona nyumba nne na paa ambalo akina mama wanaanikia nguo na pilipili. Wenye nyumba hizo wanapaswa kusaini pamoja nanyi, tena majina yao yatangulie. Mkisaini wapangaji peke yenu mtaambiwa mnaogopa kuhama tu. Na upepo vilevile: nyumba za Kisutu zimekaa pasipo viyoyozi muda wote huu kwa sababu kaskazi na kusi hupita juu ya mapaa mafupi na kushuka vichochoroni. Weka ukuta wa mita 54 hapo na mtaa mzima utanunua viyoyozi, na bili ya luku itakayoongezeka haimo kwenye hesabu ya mradi.

La mwisho katika barua yenu liwe shimo. Maegesho chini ya ardhi maana yake ni kuchimba mita kadhaa kando ya kuta za mawe na chokaa ambazo hazina nondo wala msingi wa zege. Ardhi yetu ya pwani ni mchanga, na maji hayako mbali. Wakianza kuvuta maji kwa pampu ili shimo likauke, mchanga laini unaondoka na maji, na ukuta wa jirani unakaa juu ya pengo. Ombeni ripoti ya udongo. Ombeni pia nyumba za jirani zote zipigwe picha na kuandikiwa hali zake kabla ya sepetu ya kwanza, gharama ziwe za mwendelezaji, na nakala abaki nayo kila mwenye nyumba.

Nayasema haya huku nikiwakumbuka waliokufa mtaani kwenu. Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 29 Machi 2013, jengo lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi liliporomoka hadi chini. Watu 36 walikufa. Kibali kilikuwa cha ghorofa 10, na lilikuwa limeshafika 16. Kulikuwa na watoto wakicheza jirani na pale. Mtu yeyote anayewaambia wakazi wa Kisutu kwamba wanauliza maswali mengi, mkumbusheni tarehe hiyo.

Kuhusu ninyi wenyewe kama wapangaji, sitawapa matumaini ya uongo. Sheria ya zamani ya kudhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na kinga waliyokuwa nayo wazazi wenu ninyi hamnayo. Mnachobaki nacho ni mkataba, notisi inayotakiwa kisheria, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya mkiondolewa kibabe. Tafuteni mikataba na risiti za kodi, hata zile za mama yako zilizofifia. Na ile "tutaongea" iwe ni maandishi: nani analipwa nini cha kuhamia, na nani ana haki ya kwanza ya kupanga jengo likiisha, kwa kodi gani. Mwendelezaji anayehitaji idhini ya halmashauri ana sababu ya kuandika. Akishaipata idhini, sababu hiyo haipo tena.

Mzee, salaam. Sisi ni warithi watano wa nyumba ya Kiswahili Kariakoo: vyumba sita, korido katikati, uani choo na jiko. Majirani wote wameshapandisha ghorofa. Tumepata mtu wa ubia, yeye ajenge ghorofa kumi, sisi tupate mbili. Ninyi mnaotetea majengo ya kale mnayatetea mkiwa Mbezi kwenye nyumba zenye vigae. Sisi mvua ikinyesha tunakwenda chooni na mwavuli. Kosa letu ni lipi? – Mrithi, Kariakoo

Hamna kosa. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nakushukuru kwa kuiandika bila kuzungusha.

Sipingi watu wengi kukaa mahali pamoja. Sensa ya 2012 ilihesabu watu milioni 4.36 Dar es Salaam. Ya 2022 ikahesabu milioni 5.38. Watu hao lazima wakae, na kila anayekosa chumba karibu na kazi anaamka alfajiri Chanika au Bunju kugombea daladala. Nyumba ya Kiswahili yenyewe ni nyumba ya watu wengi: vyumba sita, mara nyingi familia sita, watoto wa wote wanalelewa uani mmoja. Kariakoo haijawahi kuwa mahali pa watu wachache. Ninachokipinga ni ghorofa linalojengwa kana kwamba kiwanja kipo peke yake duniani, na pia napinga warithi kuingia ubia wa namna niliyoiona ikiwaacha watu bila kiwanja na bila fleti. Kwa hiyo acha nikusaidie hapo.

Kwanza mirathi. Kama jina kwenye hati bado ni la marehemu baba yenu, hakuna ubia. Awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, na ninyi watano msaini kwa kukubaliana, akiwemo yule aliye mbali na yule mdogo mnayedhani hataki makuu. Kesi nyingi za Kariakoo zinaanzia kwa ndugu mmoja aliyerukwa.

Pili, ghorofa zipi? Umeandika "mbili" na hukusema ni zipi. Kariakoo pesa iko chini, mlangoni, mteja anapopita na mzigo kichwani. Ghorofa ya tisa na ya kumi katika jengo ambalo lifti yake itakufa mwaka wa pili ni stoo za watu wengine. Daini sehemu ya chini, hata kama ni fremu mbili tu za duka, pamoja na fleti za kukaa. Kila sehemu yenu itajwe kwa namba kwenye mkataba na kuchorwa kwenye ramani, na mwishoni mpate hati ya kila sehemu chini ya Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Jengo ya mwaka 2008. Ahadi ya "asilimia 20 ya jengo" isiyo na ramani haishikiki mkononi.

Tatu, na hapa naomba mnisikilize kama baba yenu: hati yenu isiwekwe rehani benki kwa mkopo wa mwendelezaji. Atawaambia hiyo ndiyo kawaida ya ubia. Akishindwa kulipa, benki haitamuuliza nani alizaliwa kwenye vyumba vile sita. Kama hana mtaji wa kujenga bila hati yenu, basi hana mtaji. Wekeni pia tarehe ya mwisho, kodi ya mahali mtakapokaa wakati wa ujenzi, na kifungu kinachosema msipokabidhiwa kwa muda, kiwanja kinarudi na kilichojengwa juu yake.

Na majirani zako je? Tarehe 16 Novemba 2024 jengo liliporomoka Kariakoo likiwa limejaa wafanyabiashara na wateja, na zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Mkiwa wamiliki, ninyi mtakuwa kwenye lile daftari la wanaoulizwa. Mwendelezaji awaonyeshe mhandisi, mbunifu na mkandarasi waliosajiliwa kwenye bodi zao, ninyi wenyewe mkathibitishe majina hayo kwenye bodi. Kibao chenye majina hayo kisimame mbele ya kiwanja siku ya kwanza. Kisiposimama, msiruhusu kuchimba.

Nina ombi moja juu ya nyumba yenyewe. Kabla ya kubomoa, ipimwe na kuchorwa: vyumba, korido, uani, kimo cha baraza. Mwanafunzi wa usanifu ataifanya kazi hiyo kwa furaha. Kisha mwambieni mbunifu wenu aangalie ule uani, kwa sababu uani ndio uliokuwa ukiipa nyumba mwanga na hewa. Jengo la ghorofa kumi lenye uwazi katikati linaweza kukaa bila taa mchana. Maghorofa mengi ya Kariakoo yamejaza kiwanja ukuta hadi ukuta, na ukiingia kwenye korido saa sita mchana unawasha tochi ya simu. Na baraza la mbele mliache, hata liwe la zege. Mama ntilie, fundi cherehani na mzee anayesubiri magazeti wote wanakaa hapo.

Habari Mzee. Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa tatu, Chuo Kikuu Ardhi. Kwenye darasa tulibishana: je, mwendelezaji akibakiza uso wa jengo la zamani na kujenga mnara nyuma yake, urithi umehifadhiwa? Na kwa nini Zanzibar wameweza na sisi Dar hatujaweza? – Mwanafunzi

Swali la kwanza: kwa maoni yangu, mara nyingi hapana. Uso wa nyumba ya Uhindini, mitaa ya zamani ya Wahindi katikati ya jiji, una maana kwa sababu nyuma ya dirisha kuna chumba, na ndani ya chumba kuna mtu anayeweza kumwita muuza kahawa aliye chini. Ukibakiza ukuta wa mbele na nyuma ya madirisha ukaweka ngazi za maegesho, umebakiza picha. Tena ukuta wa chokaa ukiondolewa boriti na kuta za kati zilizokuwa zikiushika, hauna nguvu. Utashikwa kwa vyuma na kupigwa plasta ya saruji, na saruji inafungia unyevu na chumvi ndani mpaka mawe yanaanza kuoza. Baada ya miaka michache utasikia mtu akisema, "Mnaona, majengo haya ya zamani yamechoka."

Nakubali hali moja. Kama vyumba vya mbele vinabaki vizima, na paa lake, na maduka yake yanafunguka barabarani kama zamani, na jengo jipya linasogea nyuma ya kiwanja kwa kimo ambacho mtu aliye kando ya pili ya barabara hakioni, hapo tunaweza kuzungumza. Mjifunze kuchora hivyo. Ni kazi ngumu kuliko mnara, na darasani mna muda wa kuijaribu.

La Zanzibar. Mji Mkongwe una mamlaka yake tangu 1985, na mpango wa hifadhi wa mwaka 1994 uliotengenezwa pamoja na Taasisi ya Utamaduni ya Aga Khan. Uliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Jambo kubwa katika mpango ule ni kwamba majengo yalipitiwa mtaa kwa mtaa na kupangiwa daraja kabla mnunuzi hajafika. Mtu akinunua, anajua alichonunua. Huku kwetu Dar mpangilio ni kinyume: mnunuzi anafika kwanza, ndipo tunaanza kubishana kama nyumba ina thamani, na wakati huo tayari kuna pesa mezani. Jiji hili limekuwa na mipango mikuu tangu ule wa 1949, ikafuata ya 1968 na 1979, na wakazi wa mitaa ya kati mpaka leo huijua hatima ya nyumba kwa kuona mabati yamezungushwa.

Lakini msiwaone Wazanzibari kama wamemaliza. Siku ya Krismasi ya 2020 sehemu ya Beit al Ajaib iliporomoka, jengo linalojulikana kuliko yote katika Mji Mkongwe, lenye kila cheti cha ulinzi. Cheti hakizibi paa linalovuja. Daftari la majengo bila fungu la ukarabati linaishia hapo.

Kuna eneo la utafiti ambalo ningefurahi likichukuliwa na mmoja wenu. Tangu wizara zilipoanza kuhamia Dodoma mwaka 2016, katikati ya jiji kuna ofisi, yadi na maegesho ya umma ambayo matumizi yake yamepungua. Chukueni ramani, mpime ni nyumba ngapi za watu zingeweza kusimama kwenye ardhi hiyo tupu bila kugusa hata jengo moja la kabla ya 1940. Nina hakika jibu litashangaza watu, na lingekuwa silaha nzuri mikononi mwa binti yetu wa Kisutu. Anzieni Boma la Kale, ambako tangu 2017 kuna kituo cha urithi wa usanifu wa Dar es Salaam; mtapata pa kuuliza.

Asalaam aleikum mzee wangu. Niko Mji wa Kale, Mombasa. Jirani yetu aongeza orofa juu ya nyumba ya zamani, ya nne imekwisha na sasa nguzo za ya tano zasimama. Kwetu kumetoka nyufa chumba cha kulala watoto. Akiulizwa asema ana ruhusa. Twaambiwa miaka yote kwamba hapa ni eneo la hifadhi. Twende wapi? – Mama wa watoto, Mji wa Kale

Wa aleikum salaam, mama. Uliyoambiwa ni kweli: Mji wa Kale ulitangazwa eneo la hifadhi mwaka 1991, na Makavazi ya Kitaifa ya Kenya yana ofisi ya hifadhi papo hapo mjini. Nenda kwao kwanza, uwaulize kama maombi ya jirani yalipita kwao. Kisha nenda idara ya mipango ya kaunti uombe kuona ruhusa yenyewe, na uandike tarehe iliyotolewa. Tarehe hiyo ni muhimu sana. Sheria ya Mipango ya mwaka 2019 inampa anayeguswa siku 14 tangu uamuzi kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti ya kusikiliza migogoro ya mipango. Kama kuna leseni ya NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, Mahakama Maalum ya Mazingira (National Environment Tribunal) hupokea rufaa ndani ya siku 60. Ikiwa hakuna ruhusa yoyote, au ruhusa ni ya orofa chache kuliko zilizojengwa, kaunti ina uwezo wa kusimamisha kazi kwa notisi, nawe uombe hivyo kwa barua.

Nyufa usizizibe. Chukua kipande chembamba cha kioo, kigandishe kwa plasta pande zote mbili za ufa, uandike tarehe ukutani kwa penseli. Kioo kikipasuka, ukuta unatembea. Piga picha kila Ijumaa ukiweka sarafu kando ya ufa ili upana uonekane. Ufa unaopanda mshazari kutoka kona ya dirisha ni mbaya kuliko ule mwembamba wa plasta unaokwenda ovyo. Ukiona wa mshazari unapanuka, au mlango wa chumba hicho umeanza kukwama, wahamishe watoto chumba kingine usiku huohuo, umwite mhandisi wa kaunti bila kusubiri rufaa. Barua yako mpelekee na mwakilishi wa wadi, nakala ibaki kwako ikiwa na muhuri wa kupokelewa.